Usipoziba Ufa: Kufundisha Udhaifu wa Programu za Hifadhidata kwa Kadi na Karatasi

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kuwaeleza walimu wenzetu njia moja ya kufundisha mada ambayo wengi wetu tumekuwa tukiikwepa, nayo ni udhaifu wa kiusalama katika programu zinazotunza kumbukumbu. Sababu ya kuikwepa inajulikana. Mada hii hudhaniwa kuwa ni ya mafundi tu, yenye istilahi ngumu, tena isiyowezekana kufundishwa mahali ambapo kompyuta ni chache na umeme hukatika. Matokeo yake ni kwamba mwanachuo hukariri fasili, hujibu mtihani, kisha huenda shuleni kukabidhiwa kompyuta yenye majina na alama za watoto mia kadhaa bila ya kujua hasa amekabidhiwa nini.

Sisi wenyewe tulianza vibaya. Mwaka wa kwanza wa kufundisha mada hii tuliandika fasili saba ubaoni, wanachuo wakazinakili kwa mwandiko mzuri. Juma lililofuata tuliuliza: "Ikiwa mwanya umekwisha kugunduliwa, na dawa yake imekwisha kutolewa, yawezekanaje uendelee kuwadhuru watu?" Darasa lilinyamaza. Fasili zote saba zilikuwamo madaftarini, lakini hakuna hata moja iliyojibu swali hilo. Ndipo tulipoamua kuanza na tukio moja la kweli, na kuligeuza kuwa zoezi la kufanywa kwa mikono.

Madhumuni ya somo

Mwisho wa somo hili, ambalo huchukua vipindi viwili vya dakika 40, mwanachuo aweze:

1. Kueleza kwa maneno yake jinsi ujumbe mrefu kupita kiasi unavyoweza kuipotosha programu.
2. Kutofautisha kati ya kutolewa kwa kiraka na kutumika kwa kiraka.
3. Kutaja hatua ambazo mtunza kumbukumbu wa shule hana budi kuzichukua.

Maarifa ya msingi kwa mwalimu

Hifadhidata ni mkusanyo wa kumbukumbu zilizopangwa ili zipatikane upesi: majina ya wanafunzi, hesabu za benki, orodha ya wagonjwa. Programu inayokaa katika kompyuta moja na kuwajibu wengi wanaouliza habari kutoka katika mkusanyo huo huitwa seva ya hifadhidata. Kazi yake yafanana na ya karani wa masjala anayepokea maombi dirishani. Kwa kuwa hukaa dirishani, hupokea maneno kutoka kwa watu asiowajua, na hapo ndipo hatari ilipo.

Tukio tunalolitumia ni la mwaka 2003. Kampuni ya Microsoft ilikuwa na programu iliyoitwa SQL Server 2000. Programu hiyo iliruhusu nakala zake kadhaa kufanya kazi pamoja katika kompyuta moja, kila nakala ikiwa na jina lake. Kwa hiyo palihitajika huduma ndogo ya kuwaelekeza wageni: mgeni alituma jina la nakala aitakayo, huduma ikamjibu inapatikana wapi. Huduma hiyo ilisikiliza katika mlango namba 1434.

Kosa lilikuwa hili: huduma ilipopokea jina, ililiandika katika nafasi ya kumbukumbu yenye ukubwa maalumu bila ya kupima kwanza urefu wa jina lenyewe. Jina fupi lilienea. Jina refu mno lilifurika na kuandikwa juu ya nafasi jirani, ambamo ndimo ilimowekwa anwani ya mahali programu inapopaswa kurudi baada ya kumaliza kazi hiyo. Mtu aliyejua jambo hili aliweza kutuma "jina" ambalo kwa kweli lilikuwa ni maagizo, na kuielekeza kompyuta iyafuate maagizo hayo badala ya kurudi kazini kwake.

Mwanya huo uligunduliwa na David Litchfield, mtafiti wa Uingereza, naye akawaarifu Microsoft. Tarehe 24 Julai 2002 kampuni ilitoa tangazo pamoja na kiraka cha kuuziba, na mwanya wenyewe ukapewa namba CVE-2002-0649 katika orodha ya kimataifa ya kasoro za namna hii. Mwezi Agosti mwaka huo huo Litchfield aliueleza hadharani huko Las Vegas, Marekani, na kuonyesha mfano wa programu ya kuthibitisha kuwapo kwake. Basi kuanzia hapo, kila aliyetaka kujua angeweza kujua, na kila aliyetaka kuziba angeweza kuziba.

Miezi sita ilipita. Jumamosi, tarehe 25 Januari 2003, yapata saa 2:30 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, mtu asiyejulikana aliachia programu ndogo iliyopewa baadaye jina la Slammer. Wataalamu huiita programu ya namna hii mnyoo, kwa kuwa hujizalisha na kusafiri yenyewe bila ya kusaidiwa na mtu. Mnyoo huyu alikuwa na baiti 376 tu, yaani kiasi cha aya moja fupi ya maandishi. Alipoingia katika kompyuta alifanya kazi moja: kubuni anwani za kompyuta nyingine kwa kubahatisha na kujituma huko mfululizo. Hakusubiri kujibiwa, kwani aina ya ujumbe alioutumia haidai jibu.

Katika dakika ya kwanza idadi ya kompyuta zilizoambukizwa ilikuwa ikiongezeka maradufu kwa kila sekunde 8.5 hivi. Ndani ya dakika kumi, asilimia 90 ya kompyuta zilizokuwa na mwanya huo wazi zilikuwa zimekwisha kuingiliwa. Kwa jumla zilizoambukizwa hazikupungua 75,000. Slammer hakufuta kumbukumbu wala hakuiba kitu, bali wingi wa jumbe zake uliziba njia za mtandao. Huko Korea ya Kusini mtandao ulikwama kwa saa nyingi. Marekani, mashine nyingi za kutolea fedha za Bank of America hazikuweza kuwahudumia wateja, na shirika la ndege la Continental lilifuta baadhi ya safari. Karibu na mji wa Seattle, wapokeaji wa simu za dharura walilazimika kurudia kalamu na karatasi. Katika kituo cha nyuklia cha Davis-Besse, jimbo la Ohio, mtambo ambao kwa bahati ulikuwa umezimwa kwa matengenezo, chombo cha kuonyesha hali ya usalama kilikosa kufanya kazi kwa karibu saa tano. Hapo Slammer alipitia njia ya mkandarasi, ambayo haikupita katika kizuizi kikuu cha mtandao wa kituo.

Mwalimu na azingatie jambo moja zaidi, kwani ndilo kiini cha kipindi cha pili. Wengi walioambukizwa hawakujua kuwa wanayo programu ile. Ilikuwapo katika umbo dogo, ikiitwa MSDE, ndani ya programu nyingine walizozinunua kwa kazi nyingine kabisa. Hata baadhi ya kompyuta za Microsoft wenyewe, waliokitoa kiraka, hazikuwa zimezibwa.

Zana za kufundishia

Hakuna kompyuta inayohitajika. Andaa karatasi zenye visanduku 20 vilivyopangwa mstari mmoja, kadi nyeupe zipatazo 60, kalamu, na saa yenye mshale wa sekunde. Katika kila karatasi, visanduku 1 hadi 16 viwe vitupu na juu yake paandikwe JINA. Visanduku 17 hadi 20 viwe tayari na herufi M-E-Z-A kwa penseli, na juu yake paandikwe UKIMALIZA NENDA.

Hatua ya kwanza: karani mtiifu

Chagua mwanachuo mmoja awe karani. Mpe maagizo haya yaliyoandikwa: "Pokea kadi. Nakili jina lililo juu ya kadi, herufi moja katika kila kisanduku, kuanzia kisanduku cha 1 hadi jina liishe. Ukikuta herufi, futa uandike juu yake. Kisha soma visanduku 17 hadi 20, ufanye vinavyosema." MEZA maana yake ni kurudi mezani kungoja kadi nyingine. KADI maana yake ni kugeuza kadi na kutenda yaliyoandikwa nyuma yake. Sisitiza kwamba karani hana ruhusa ya kutumia busara. Yeye ni programu.

Mpe kwanza kadi yenye neno MAHUDHURIO. Ataliandika, visanduku sita vitabaki vitupu, atasoma MEZA na kurudi. Mpe ya pili na ya tatu za namna hiyo hiyo, mpaka darasa lichoke na kuona jambo lenyewe ni jepesi.

Sasa mpe kadi yenye herufi A mara kumi na sita, zikifuatwa na KADI. Nyuma yake umeandika: "Nakili kadi hii pande zote mbili. Mpe jirani yako nakala. Rudia." Darasa litamwona karani akivuka kisanduku cha 16 bila ya kusita, akifuta M-E-Z-A na kuandika K-A-D-I, kisha akigeuza kadi na kuanza kumtumikia mtu mwingine. Kwetu darasa lilicheka, lakini mwanachuo mmoja aliyeketi nyuma alisema: "Hakukosea hata herufi moja." Tuliyaandika maneno hayo ubaoni. Karani alitii maagizo yote, na kosa lilikuwa katika maagizo yenyewe.

Waulize wanachuo wayarekebishe. Usiwape jibu. Baada ya majaribio mawili au matatu watafikia sentensi kama hii: "Kabla ya kunakili, hesabu herufi; zikizidi 16, kataa kadi." Sentensi hiyo moja ndiyo kiraka. Iandike katika vipande vidogo vya karatasi kwa ajili ya hatua ya pili.

Hatua ya pili: mwanya uliosahauliwa

Kabla ya kipindi cha pili, chagua makarani 20 na kuwaketisha katika safu nne. Mteue mwanachuo mmoja awe mkuu wa masjala, umpe vipande vya kiraka pamoja na orodha ya makarani. Lakini orodha hiyo iwe na majina 17 tu. Watatu waliosalia uwaketishe mahali pasipotazamwa sana, mmoja akiwa amepewa kazi nyingine ya dhahiri, mathalani kuuza kalamu.

Mwambie mkuu wa masjala: "Unaweza kugawa viraka wakati wowote upendao. Lakini kila karani anayepokea kiraka hana budi kusimama kazi kwa dakika mbili akijifunza, na wateja watalalamika." Kisha acha kazi ya kawaida iendelee. Katika madarasa yetu mkuu wa masjala hugawa viraka vitano au sita, huona foleni inarefuka, husema atamalizia baadaye. Hapo ndipo unapoingiza kadi ile ya pili, kimya kimya, kwa karani mmoja asiye na kiraka.

Anza kuhesabu sekunde. Kadi husambaa upesi kuliko wanavyotazamia, na punde hakuna mteja wa kweli anayeweza kufika mezani kwa wingi wa kadi zinazopitishwa. Mkuu wa masjala hukimbilia kugawa viraka vilivyobaki, naye hugundua kwamba karani aliyekuwa akiuza kalamu, ambaye hakuwamo katika orodha, bado anaendelea kutoa kadi. Mwache amtafute mwenyewe.

Hatua ya tatu: hesabu ubaoni

Hapa somo laweza kuunganishwa na hisabati. Ikiwa idadi huongezeka maradufu kila sekunde 8.5, kompyuta moja itakuwa ngapi baada ya sekunde 85? Wanachuo watapata 1,024. Na baada ya mara kumi na sita, yaani sekunde 136? Watapata 65,536. Waulize basi kwa nini mambo yalichukua dakika kumi badala ya mbili na kidogo. Jibu ni kwamba njia za mtandao zilijaa jumbe za mnyoo mwenyewe, na kadiri kompyuta zenye mwanya zilivyozidi kuambukizwa, ndivyo zilivyozidi kuwa adimu zile ambazo bado. Kisha uliza swali lenye uzito zaidi: katika sekunde 136, ni mlinzi gani angeamka, akapigiwa simu, akafika ofisini? Hivyo wenyewe wataona kwamba kazi ya kuziba hufanywa kabla ya siku hiyo.

Hatua ya nne: mjadala

Ligawe darasa katika makundi manne. La kwanza limtetee mtengenezaji wa programu, la pili mgunduzi aliyeonyesha mfano hadharani, la tatu watunzaji waliochelewa, na la nne lieleze kosa la aliyeuachia mnyoo. Mwalimu asiegemee upande. Mtengenezaji aliuza kitu chenye kasoro, lakini alitoa kiraka mapema. Mgunduzi aliwasaidia walinzi kuelewa, lakini aliyeutunga mnyoo naye alikuwa na mfano wa kuufuata. Watunzaji walizembea, lakini kuzima seva ya benki au ya hospitali ili kuweka kiraka si jambo dogo, na kiraka kibaya huweza kuharibu kazi iliyokuwa nzuri. Wa nne hana utetezi, ila naye asingeweza kitu kama wale watatu wa kwanza wangefanya kila mmoja sehemu yake.

Swali tusilolitarajia

Katika kuufunga mjadala huo mwaka juzi, mwanachuo mmoja wa kike aliinua mkono, akauliza kwa adabu: "Mwalimu, samahani. Na ile kompyuta ya ofisini kwenu, inayotunza alama zetu, imezibwa?"

Tulikuwa wakufunzi wawili darasani, tukatazamana. Tulijua vyema kwamba kwa mihula miwili kompyuta ile ilikuwa ikituonyesha taarifa ya masasisho, nasi tulikuwa tukiifunga taarifa hiyo kila asubuhi. Hatukuwa wavivu. Tuliogopa kwamba tukikubali, alama zingeweza kuharibika karibu na mitihani, na aliyetuwekea programu ile alikuwa amehama. Sababu zetu zilikuwa zile zile za mkuu wa masjala katika mchezo. Tungeweza kumjibu mwanachuo yule kwamba mambo yote yako sawa. Tulimwambia ukweli, kwamba haijazibwa, na kwamba tutarudi na majibu.

Alasiri ile tuliketi na orodha tupu. Tulinakili alama zote katika diski ya akiba na kuifungia kabatini, tukajaribu kuifungua nakala katika kompyuta nyingine ili kuhakikisha kuwa inasomeka, ndipo tukaruhusu masasisho. Hakuna alama iliyopotea. Lakini tuligundua jambo lingine: ndani ya programu ya maktaba, ambayo hakuna aliyeihesabu, palikuwa na seva ya hifadhidata iliyosikiliza mtandaoni bila ya neno la siri. Karani muuza kalamu alikuwa wa kwetu. Juma lililofuata tuliwaeleza wanachuo yote hayo, nao wakayapokea kwa makini kuliko fasili zozote tulizopata kuwapa.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na hayo, tunapendekeza kila mwanachuo aondoke na hatua hizi, azinakili na kuzibandika karibu na kompyuta atakayokabidhiwa:

1. Andika orodha ya programu zote zinazotunza kumbukumbu, pamoja na zile zilizofichika ndani ya nyingine.
2. Toa nakala ya akiba, na ujaribu kuifungua. Nakala isiyojaribiwa isihesabiwe.
3. Weka kiraka kwa siku iliyopangwa, mbali na siku za mitihani.
4. Funga kila mlango wa mtandao usiohitajika. Waliokuwa wameufungia nje mlango namba 1434 mwaka 2003 walipunguza sana hatari.
5. Taja mtu mmoja, kwa jina, mwenye jukumu hili. Likiwa la wote, huwa si la mtu.

Aidha, mwalimu awaonye wanachuo kwamba kujaribu mianya katika kompyuta ya mtu mwingine bila idhini ni kosa. Hapa Tanzania ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ndiyo maana zoezi letu ni la kadi. Linafundisha jinsi mlango unavyovunjika bila ya kumpa mtu chombo cha kuvunjia.

Tathmini

Yafaa kuepuka maswali ya fasili. Sisi hutoa swali hili moja: "Umepangwa katika shule yenye kompyuta moja inayotunza majina, alama na namba za simu za wazazi. Aliyekutangulia ameondoka. Eleza utakayoyafanya katika juma lako la kwanza, na sababu zake." Jibu jema huanza kwa kuuliza na kuorodhesha, wala haliruki moja kwa moja kwenye kiraka. Mwanachuo atakayekumbuka kuijaribu nakala ya akiba astahili alama ya ziada.

Hitimisho

SQL Server 2000 iliacha kuhudumiwa na watengenezaji wake mwaka 2013, na Slammer amebaki kuwa historia. Lakini programu mpya huandikwa na watu, na watu husahau kupima urefu wa jina. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika shule zetu ukuta huo ni kumbukumbu za mtoto ambaye hakuulizwa mahali pa kuziweka, na ambaye hataweza kuzirudisha zikipotea. Tunawaomba walimu wenzetu walijaribu somo hili katika vyuo vyao, na watuandikie kupitia jarida hili kuhusu mahali liliposhindikana, ili tulirekebishe. Na kabla ya kuingia darasani, wakaitazame kwanza kompyuta ya ofisini kwao, kwani swali lile wataulizwa.